Nani hasa aliiangusha Qing? Dhana potofu kuhusu Wazungu na wafalme wa mwisho wa China

Kwa Kiswahili, neno kasumba lina maana mbili. Kwanza ni afyuni. Pili ni fikra iliyomganda mtu kichwani mpaka haambiliki. China ya karne ya 19 ina zote mbili: ile ya kwanza ililetwa kwa meli kutoka India, na ile ya pili tunayo sisi tunaoisimulia historia hiyo kwa pumzi moja, kwamba Wazungu walikuja na mizinga, wakawalisha Wachina kasumba, wakaiteka nchi, na ufalme wa Qing, ukoo wa mwisho kuitawala China, ukafa. Simulizi hiyo ina ukweli mwingi ndani yake, ndiyo maana ni ngumu kuitengua.

"Mkataba wa Nanjing ulihalalisha kasumba"

Haukuhalalisha. Juni 1839, kamishna Lin Zexu alikuwa ameshika makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba aliyowabana wafanyabiashara wa kigeni wa Guangzhou, wengi wao Waingereza, mpaka wakayatoa. Wengi hudhani aliyatia moto. Lin alijua kwamba kasumba ikichomwa, masalio yake hunywea ardhini na wavutaji huuchimba udongo kuyatafuta. Kwa hiyo pale Humen, karibu na bahari, yalichimbwa mashimo makubwa, yakajazwa maji na chumvi. Vibarua wakakatakata matonge na kuyatumbukiza humo, kisha wakamwaga chokaa mpaka maji yakatokota yenyewe. Bahari ilipokupwa wakafungua mfereji, uchafu wote ukaenda na maji. Ilichukua kama wiki tatu.

Uingereza ikajibu kwa vita na ikashinda. Lakini ukiusoma mkataba huo wa Nanjing, wa tarehe 29 Agosti 1842, kasumba imetajwa mahali pa kudai fidia tu: dola milioni 6 za fedha, kati ya jumla ya milioni 21. Biashara yenyewe ikabaki ya magendo, kila mtu akijua na kila mtu akijifanya haoni. Ilipewa ushuru kama bidhaa nyingine mwaka 1858, wakati wa vita ya pili ya kasumba.

Kwa maoni yangu, kidonda kikubwa zaidi kilikuwa kwenye mkataba wa nyongeza wa 1843, ambao watu hawautaji. Huo ulisema Mwingereza akitenda kosa ndani ya China atahukumiwa na Waingereza wenzake kwa sheria za kwao, na kwamba nafuu yoyote litakayopewa taifa jingine, Uingereza nayo itaipata. Marekani na Ufaransa zikadai masharti ya namna hiyohiyo mwaka uliofuata. Basi kila aliyebisha hodi akaondoka na kitu, na kitu hicho wakakipata wote.

"Hong Kong ilikodishwa kwa miaka 99"

Kisiwa kilitolewa moja kwa moja mwaka 1842, na Kowloon mwaka 1860. Kilichokodishwa, mwaka 1898, ni ardhi ya bara iliyo nyuma yake pamoja na visiwa vya jirani. Kwa vile eneo hilo ndilo lilikuwa sehemu kubwa ya koloni, mkataba ulipoisha 1997 vyote vilirudi pamoja.

"Mizinga ya Wazungu ndiyo iliyoimaliza nguvu Qing"

Hapa ndipo simulizi yetu inapochechemea hasa. Vita iliyoua watu wengi kuliko zote China katika karne hiyo ilikuwa ya Wachina kwa Wachina. Hong Xiuquan, kijana wa kusini aliyefeli mitihani ya utumishi wa serikali mara kadhaa, aliumwa, akaota ndoto, na baadaye akashawishika kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Wafuasi wake, Taiping, waliiteka Nanjing mwaka 1853 na kuifanya mji mkuu wao mpaka 1864. Makadirio ya kawaida ya waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, huanzia milioni 20.

Majeshi rasmi ya Qing yalishindwa kuwazima. Mfalme akalazimika kumwachia ofisa msomi, Zeng Guofan, aunde jeshi lake huko Hunan, huku mikoa ikiruhusiwa kutoza kodi mpya kwa bidhaa zinazopita njiani. Uasi ulizimwa, lakini kuanzia hapo bunduki na pesa vilizoea kukaa mikoani.

Na Wazungu je? Agosti 1860, katika vita hiyo ya pili ya kasumba, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa kaskazini yakizipiga ngome za Qing pale Dagu, njiani kuelekea Beijing. Mwezi huohuo, wenzao walikuwa Shanghai wakiwafukuza Taiping, maadui wa Qing. Oktoba wakapora na kuchoma kasri la Yuanmingyuan, na miaka michache baadaye Mwingereza Charles Gordon, yuleyule aliyekuja kuuawa Khartoum mwaka 1885, akawa anaongoza kikosi cha kuwapigania Qing. Ukishamsainisha mtu mikataba unayoitaka, hutaki afe.

"China ilikuwa koloni"

Zilikuwepo bandari na mitaa iliyotawaliwa na wageni, lakini mfalme alibaki Beijing na magavana walikuwa wake. Hata Robert Hart, mtu wa Ireland aliyesimamia forodha kuanzia 1863, aliajiriwa na Qing. Forodha yake ilikusanya pesa nyingi na kwa unyoofu. Tatizo ni pesa hizo zilikokwenda. Mwaka 1895 China ilishindwa na Japani, tena si na Wazungu, ikatozwa taeli (kipimo cha Kichina cha uzito wa fedha) milioni 200. Ili kulipa ikakopa Ulaya, na rehani ilikuwa mapato ya forodha.

Kisha ikaja 1900. Wapiganaji wa Yihetuan, walioitwa Mabondia na wageni, husemwa kwamba walimwasi mfalme. Kaulimbiu yao ilikuwa kuiunga mkono Qing na kuwafuta wageni, na Juni mwaka huo mjane wa mfalme, Cixi, aliyeshika madaraka, aliungana nao dhidi ya mataifa ya nje. Waliamini matambiko yao huzuia risasi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka maji ya Ngarambe katika vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, na si kumbukumbu tu inayounganisha hapo: Kaisari wa Ujerumani ni yuleyule, na katika msafara wa Wajerumani kwenda China alikuwemo ofisa kijana Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye mwaka 1914 alikuwa Tanga akipigana na Waingereza.

Majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing, Cixi akakimbia. Wangeweza kumwondoa. Badala yake wakaandika deni la taeli milioni 450, moja kwa kila Mchina, lilipwe kwa miaka 39 pamoja na riba. Dawa ya deni ni kulipa, na wa kulipa lazima awepo. Cixi akarudi Beijing.

"Bustani ya Shanghai ilikuwa na kibao: Mbwa na Wachina marufuku"

Maneno hayo yalikuja kuunganishwa na wasimuliaji. Kibao cha bustani ya Huangpu kilikuwa na orodha ya kanuni: moja ilisema bustani ni ya jamii ya wageni, nyingine ilikataza mbwa na baiskeli. Anayedhani marekebisho haya yanawasafisha waliokitundika amekosea. Wachina walilipa kodi za mtaa huo wa wageni, na mpaka 1928 yaya wa Kichina aliruhusiwa kuingia akiwa na mtoto wa Kizungu, si na wa kwake.

"Sun Yat-sen aliongoza mapinduzi ya 1911"

Siku yalipoanza mapinduzi hayo yaliyoing'oa Qing, Sun, kiongozi wa wanamapinduzi, alikuwa Marekani, na habari alizipata gazetini akiwa Denver. Huku nyuma, serikali ilikuwa imezitwaa reli zilizochangiwa na wananchi ili izijenge kwa mkopo wa mabenki ya kigeni. Mkoa wa Sichuan ukawaka, askari wa mkoa wa Hubei wakapelekwa kuuzima. Tarehe 9 Oktoba bomu likawalipukia wanamapinduzi kwa bahati mbaya huko Hankou, polisi wakapata orodha ya majina. Askari waliojua majina yao yamo humo wakaona heri waanze wao, na kesho yake wakaasi katika mji wa Wuchang. Bunduki na mafunzo yao vilitoka kwa Qing, katika mageuzi yaliyokusudiwa kuiokoa.

Februari 12, 1912, Longyu, mjane wa mfalme, alitoa tangazo la kuachia madaraka kwa niaba ya Puyi, mfalme wa mwisho, mtoto wa miaka sita. Hata hivyo mtoto hakutolewa kwenye kasri. Alibaki humo mpaka 1924, akihudumiwa kama mfalme, na alipojua kuendesha baiskeli aliamuru vizingiti vya milango vikatwe kwa msumeno ili apite.