EFI siyo VVT-i, na F ya 4A-FE siyo ya mafuta

Wiki iliyopita nilimkuta mzee mmoja kwenye duka la spea Ilala, pesa mkononi, anaulizia sensa ya VVT-i, ule utaratibu wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, ya Corolla DX. Muuzaji alikuwa anahangaika kumwelewa, kwa sababu DX ni ile KE70, Corolla ya mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980, inayovuta nyuma, na ilitoka kiwandani na injini ya 4K ya kabureta, sisi (cc) 1290. Nikamwamkia mzee, nikamwomba tukaangalie gari. Tulipofungua boneti tukakuta 7K-E, injini ya TownAce. Hiyo haina VVT-i na haijawahi kuwa nayo. Fundi aliyeifunga ndiye aliyemwambia, "Mzee, gari yako sasa ni VVT-i," naye akaamini, kwa sababu asipomwamini fundi amwamini nani?

Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno, kwenye gereji, kwa wauza magari, na hata kwa vijana waliosomea ufundi. Kila injini isiyo na kabureta inaitwa VVT-i. Kila mwenye gari la zamani anayetaka injini ya kisasa anasema anataka "kuweka VVT-i". Wengi wao wanachokitaka ni EFI.

EFI, kifupi cha Kiingereza cha Electronic Fuel Injection, ni mfumo wa kuipa injini petroli kupitia nozeli zinazofunguliwa kwa umeme, na kiasi cha mafuta kinaamuliwa na kontroboksi, kompyuta ya injini, baada ya kusoma sensa. Maana yake ni hiyo tu. EFI inaeleza mafuta yanavyoingia, haielezi injini ni mpya au ya zamani, kubwa au ndogo, ina valvu 8 au 16.

Majina yenyewe yanasaidia kuelewa. Kabureta limetoka Kifaransa, kwenye neno la kuchanganya kitu na kaboni, na kweli kazi yake ni kuchanganya: hewa inapita kwa kasi kwenye koo jembamba, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa kutoka kwenye kibakuli chake. Hakuna kontroboksi inayoipima. Neno la Kiingereza la injini za nozeli, injection, asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kutupia ndani, neno lile lile la sindano ya daktari. Petroli hainyonywi tena, inasukumwa. Na nozeli, tunayoitamka kila siku, kwa asili ni "pua ndogo". Kabureta inangoja kunyonywa, EFI inasukuma kwa kipimo. Ukiishika tofauti hiyo, mengine yote yanafuata.

Wala siyo jambo la juzi. Mwaka 1967 Volkswagen ilianza kuuza Marekani gari dogo la 1600 lenye injini nyuma, inayopozwa kwa hewa, ikilishwa kwa mfumo wa umeme wa Bosch ulioitwa D-Jetronic. Ile D ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya mgandamizo, kwa sababu mfumo ulikadiria hewa kwa kupima mgandamizo ndani ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Gari hilo lilikuwa barabarani miaka mingi kabla VVT-i haijazaliwa, na kila kampuni baadaye ilijipa jina lake. Nissan waliandika EGI, Honda PGM-FI, Mitsubishi ECI. Huku kwetu tumezoea EFI kwa sababu tumezoea Toyota.

VVT-i ni kitu kingine kabisa. Ni utaratibu wa Toyota, uliotoka katikati ya miaka ya 1990, wa kubadilisha wakati ambao valvu zinafunguka na kufunga. Mgandamizo wa oili unasukuma kichwa cha kamshafti (chuma kinachozunguka na kufungua valvu) ya valvu za hewa, kamshafti inazungushwa mbele au nyuma kidogo, injini inapata nguvu chini na juu bila kula mafuta ovyo. Ile i ndogo wameiweka kumaanisha akili. Hapo hakuna nozeli wala petroli. Ni oili na valvu.

Atakayebisha nampa injini mbili. Ya kwanza ni hiyo hiyo 7K-E. Ukoo wa K ulianza na Corolla ya kwanza kabisa ya mwaka 1966, ikiwa na sisi 1077. 7K-E ni mjukuu wake, sisi 1781, kamshafti bado imo ndani ya bloku, valvu 8 zinasukumwa na vijiti kama zilivyosukumwa kwa babu yake. Lakini ina nozeli na kontroboksi, kwa hiyo ni EFI kamili. Ya pili ni ya pikipiki, Honda CB400 ya mwaka 1999, iliyokuwa na VTEC, utaratibu wa Honda wa kuchezea valvu, huku ikilishwa na kabureta nne. Kwa hiyo nozeli zinaweza kuwepo bila valvu kuchezewa, na valvu zinaweza kuchezewa bila nozeli.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi, herufi za injini. Vijana wanaona 4A-FE au 1NZ-FE wanasema, "FE, yaani fyueli elektroniki." Hapana! Toyota inaandika namba, kisha ukoo, kisha kistari, na baada ya kistari zinakuja sifa. F ni ya kichwa chenye kamshafti mbili, valvu zimesimama kwa pembe nyembamba, kilichotengenezwa kwa matumizi ya kawaida. Ikiwa pembe ni pana na lengo ni mwendo, wanaandika G, ndiyo maana kuna 4A-GE. Nozeli zinasemwa na E, siyo F. Ushahidi upo: 4A-F na 5A-F zilikuwepo, kamshafti mbili juu, valvu 16, na kabureta imekaa pembeni. F ipo, mafuta ya umeme hayapo. Tena angalia E inakaa wapi. Kwenye 4E-FE ya Starlet, E ya kwanza ni jina la ukoo, ya mwisho ndiyo nozeli. Ndiyo maana 2E ni ya kabureta na 2E-E siyo, na anayesoma haraka atanunua isiyo yake. VVT-i haiandikwi kwenye herufi hizi. 1NZ-FE inayo, 4E-FE haina, na zote zinaishia FE.

Kosa hili linaumiza zaidi pale mtu anapohamisha injini kwenye gari dogo la zamani. Anayeamini EFI ni aina ya injini anadhani kazi imekwisha injini ikishakaa kwenye maunti zake. Kumbe injini ni kipande kimoja tu. Pampu ya zamani ya DX, ile inayosukumwa na kamshafti, inatoa mgandamizo wa kama robo ya baa. Nozeli zinataka kama baa 3. Ukiacha mipira ile ile ya kabureta kwenye mgandamizo huo, itapasuka, na itapasuka juu ya ekzosi yenye moto. Nimeliona gari lililoungua hivyo, na aliyelifunga alikuwa na mkono mzuri sana wa kuchomelea. Hakuambiwa tu kwamba mpira wa EFI ni mpira mwingine, na kibano chake pia.

Halafu kuna tanki. Tanki la gari la kabureta ni debe tupu. Kwenye kona petroli inakimbilia upande mmoja na bomba linanyonya hewa. Kabureta haikujali, ilikuwa na akiba kwenye kibakuli. Nozeli hazina akiba, kwa hiyo gari linakata kwenye kona wakati petroli ipo nusu tanki. Hapo utasikia pampu ikibadilishwa mara tatu. Dawa ni kuweka vizuizi ndani ya tanki au kufunga kitanki kidogo cha katikati ambacho hakiishiwi. Na injini nyingi za miaka ya 1990 zinarudisha petroli iliyobaki kwenye tanki, kwa hiyo bomba la kurudi lazima liwepo, wakati 1NZ-FE hairudishi, rejuleta yake, inayodhibiti mgandamizo wa petroli, imo ndani ya tanki. Mwenye kununua injini mtumba bila pampu, waya na kontroboksi yake amenunua chuma.

Ukitaka kujua kwa nini mafundi wengi waliitia 7K-E kwenye DX wakaiacha 1NZ-FE, jibu halina uhusiano na VVT-i. 1NZ-FE ya Vitz na Probox imetengenezwa ikae kwa upana na kuvuta mbele. KE70 inataka injini ya kukaa kwa urefu, giaboksi nyuma yake, propela ikienda hadi kwenye difu. 7K-E inakaa hivyo kwa asili na inaikubali giaboksi ya ukoo wake. Fundi wa mzee alichagua vizuri sana. Alikosea jina tu.

Jina hilo ndilo lililompeleka mzee dukani. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka, akaambiwa "ni mambo ya VVT-i hayo", naye akatafuta kifaa ambacho injini yake haina mahali pa kukifunga. Tulipoangalia, mpira mmoja mwembamba wa vakyumu nyuma ya manifoldi ulikuwa umepasuka. Tukaubadilisha pale pale, sailensa ikatulia, na mzee akarudisha pesa zake mfukoni.

Kwa hiyo ndugu yangu fundi, kazi uliyoifanya ni nzuri na mzee anaifurahia. Akirudi, mwambie injini yake ni 7K-E ya EFI, isiyo na VVT-i. Mwandikie kwenye karatasi, pamoja na gari ilikotoka kontroboksi, aiweke kwenye dashibodi. Siku nyingine akienda Ilala ataisoma hiyo karatasi, na muuzaji atajua rafu ya kwenda.