Bakuli ndani ya Kidaka

Nililelewa Lamu, kwenye nyumba ya matumbawe na chokaa ambayo ndani yake ukuta mzima ni zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Bibi alipanga humo bakuli zake za kaure, nasi watoto tulikatazwa kuzigusa. Sasa mimi ni mkemia, na kazi yangu bado ni zidaka, ila vyangu havifiki hata nanomita mbili, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Kuta za vidaka hivi tunaziita fremu za metali na ogani. Ioni za metali, yaani atomu zenye chaji, ni vifundo, molekuli za kaboni ni boriti, na fundi hayupo: changanya, pasha moto, vinajipanga vyenyewe. Vifungo hushikana na kuachana mara nyingi mpaka kila boriti ikae mahali pake. Kwa kazi hii Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Mimi lakini navutiwa zaidi na bakuli. Bakuli langu ni polioksometaleti, kishada cha oksidi ya metali: atomu 1 ya fosforasi katikati, 12 za metali ya tangsteni na 40 za oksijeni zikiizunguka, upana kama nanomita 1. Ni kichocheo hodari, yaani huharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kuisha; tatizo huyeyuka majini ukakipoteza. Basi tunakichanganya na shaba (vifundo) na asidi ya trimesi (boriti), viungo vya fremu iitwayo HKUST-1, na fremu inajijenga ikikizunguka. Milango yake ni myembamba kuliko kishada, kwa hiyo hakitoki tena, kama kitanda kilichoundiwa chumbani.

Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara. HKUST-1 peke yake huharibiwa na maji. Ikishapata kishada tumboni, inastahimili zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mwaka 2011 kundi la Craig Hill, Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, lilibadilisha tangsteni moja ya kishada kwa shaba, likakiweka ndani ya fremu hiyo. Kwa hewa ya kawaida tu, mchanganyiko ule uligeuza hidrojeni salfaidi kuwa salfa. Mtu wa Lamu anaijua gesi hiyo: ndiyo harufu ya mayai viza kwenye tope la mikoko maji yakipwa.

Majaribio mengi hutumia maji safi ya maabara. Kisima cha mtaani kwetu kina chumvi. Nimechota chupa moja, na wiki ijayo nitaloweka fuwele za fremu yangu humo nione kama shaba itavuja.