Taketombo haikuiga helikopta

Wengi wanaoiona taketombo, kichezeo cha Kijapani cha mwanzi chenye pangaboi moja juu ya kijiti, hudhani kwamba ni mfano mdogo wa helikopta uliobuniwa kwa ajili ya watoto. Ukweli ni kinyume chake. Vichezeo vya namna hii vilirushwa China na Japani zamani sana, kabla injini haijawaziwa. Mwaka 1784 Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, walionyesha kwao kifaa cha manyoya kilichopaa kwa kanuni hiyo hiyo ya pangaboi linalozunguka, na mwaka 1878 ndugu Wright, waliokuja kuunda ndege yenye injini, wakingali watoto, waliletewa na baba yao kichezeo kirukacho cha kizibo, mwanzi na karatasi, kilichozungushwa kwa utepe wa mpira. VS-300, helikopta ya mhandisi Sikorsky, iliinuka mwaka 1939 tu.

Dhana nyingine, ambayo kwangu ndiyo inayopotosha zaidi, ni kwamba mtoto huirusha kwa nguvu za mikono. Mikono huizungusha tu; kinachoiinua ni mchongo. Mchongaji huuparura ubapa wa mwanzi kwa kisu hadi kila bawa liiname, moja likielekea upande ulio kinyume na wa jingine, ili yote mawili yasukume hewa chini. Ndiyo maana mtoto anayekisugua kijiti viganjani kwa kukizungusha kinyume huiona ikishuka papo hapo, huku wenzake wakishindana ya nani itakayokaa hewani muda mrefu zaidi.