Cheza Kwanza, Nunua Stadi Baadaye: Kumwingiza Mgeni katika GURPS

GURPS, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa na Steve Jackson Games ya Marekani mwaka 1986, una sifa ya kuwatisha wageni, na sababu haifichiki: stadi zake ni mamia, kuanzia kukwea kuta hadi kughushi nyaraka, na kila moja ina daraja lake la ugumu na bei yake ya alama, ambazo mchezaji huzitumia kumuunda mhusika wake. Kwa kuwa kazi yangu mezani ni kuendesha mchezo, msimamo wangu ni kwamba mchezaji mpya asionyeshwe orodha hiyo kabla hajarusha dadu.

Ugumu wenyewe hauko mahali ambapo wengi wanaudhania. Wakati wa kucheza, kanuni karibu ni moja tu: mchezaji anarusha dadu tatu, anajumlisha, na jumla ikiwa sawa na kiwango cha stadi yake au chini yake, amefaulu. Yaliyobaki, yaani bei, madaraja na stadi zinazotegemeana, yamelundikana kwenye kumuunda mhusika. Ndiyo maana ninamkabidhi mgeni mhusika aliyekwisha kuundwa, mwenye stadi chache zilizoandikwa kwenye karatasi moja, na kando ya kila kiwango ninaandika kwa penseli asilimia ya kufaulu.

Asilimia hizo ndizo zinazofundisha, kwa sababu dadu tatu haziendi kwa hatua sawa. Tuchukue mhusika mwenye wepesi (mojawapo ya sifa zake za msingi) wa 11 anayetaka kukwea ukuta wa ghala usiku. Kama hajajifunza kukwea, kanuni inamruhusu kujaribu kwa wepesi wake ukipunguzwa 5, yaani 6, na uwezekano wake wa kufaulu ni kama asilimia 9. Akitumia alama moja tu kununua stadi hiyo, anafika 10, na uwezekano unaruka hadi asilimia 50. Alama mbili zinampa 11, sawa na asilimia 62 na nusu; alama nne zinampa 12, yaani asilimia 74; na alama nane zinampa 13, ambayo ni takriban asilimia 84. Alama ya kwanza, basi, inafanya kazi kubwa kuliko saba zinazofuata zikijumlishwa, na mgeni aliyekwisha kuanguka kutoka kwenye ukuta huo haelezwi jambo hili mara mbili.

Tofauti kati ya stadi na sifa za msingi inaweza kusubiri. Kupandisha wepesi kwa kiwango kimoja kunagharimu alama 20 na kunainua stadi zote zinazoutegemea, kwa hiyo wachezaji wakongwe hukimbilia huko kwanza (na ndiyo maana wahusika wao hufanana kama mapacha, jambo ambalo sijawahi kulipenda). Mgeni akipewa siri hiyo siku ya kwanza, ataanza kupiga hesabu badala ya kuigiza.

Mwendeshaji naye ana wajibu wake: asidai dadu kwa jambo lisilo na hatari wala matokeo. Kufungua mlango usiofungwa kwa ufunguo si stadi, na mgeni anayerushishwa dadu kwa kila hatua huamini kwamba anahitaji stadi kwa kila hatua.

Baada ya kikao cha kwanza ninamruhusu mchezaji kuzihamisha alama za mhusika wake apendavyo, bila adhabu, kwa kuwa sasa anajua alitamani kufanya nini akashindwa. Hapo ndipo ninapoifungua orodha, nikiwa nimekwisha kuifyeka mwenyewe: kisa cha mabaharia wa karne ya 19 hakihitaji stadi ya kuendesha vyombo vya angani, ila urambazaji, kuogelea na kupatana bei vinabaki, na mchezaji anachagua kutoka ukurasa mmoja.