Kukimbia kwenye mvua hakuleti mafua

Wengi tumelelewa na onyo hili: ukinyeshewa utashikwa na mafua, au hata nimonia. Ndiyo maana masika yakianza, Machi hadi Mei, wakimbiaji wengi huweka viatu kabatini.

Mafua huletwa na virusi, mara nyingi rinovirusi, vinavyotoka kwa mgonjwa kupitia mikono na chafya. Nimonia nayo huletwa na vijidudu, si maji ya mvua. Hewa baridi huchuruzisha kamasi, kweli, lakini hukoma ukishapata joto. Na wazee hawakuona ndoto: msimu wa mvua watu hujazana ndani, madirisha yamefungwa, virusi vikapata njia.

Jichunguze mwenyewe. Andika siku ulizonyeshewa na siku ulizougua. Dalili za mafua kwa kawaida huanza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo kumbuka pia nani alikuwa akipiga chafya karibu nawe.

Ninachokiogopa mimi ni radi. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba, si chini ya mwembe, usubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukirudi, vua nguo mbichi upesi, maana mwili uliolowa hupoteza joto haraka.