"Yatokanayo" ni nini kwenye kikao cha Baraza la Madiwani?

Ukiingia kwenye kikao cha Baraza la Madiwani mara ya kwanza, utaona majoho, utasikia dua, utasimama meya akiingia na utakaa akikaa. Kisha katibu atasema tunaingia kwenye yatokanayo, na ukumbi mzima utafungua makabrasha kwa pamoja. Hapo wageni ndipo wanapoanza kupiga miayo. Wazoefu ndipo wanapovuta viti mbele.

Kwa urefu wake, agenda hiyo ni "mambo yatokanayo na muhtasari wa kikao kilichopita". Wingi wa vikao umelisaga jina hilo mpaka "mambo" likadondoka, "muhtasari" ukafuata, na kikabaki kitenzi chenye o-rejeshi kinachojitembelea bila jina lake. Hakuna anayelalamika. Vikoba wanalitumia, kamati za harusi wanalitumia, kamati za misikiti na parokia vilevile. Na maana ni moja kote: kikao kilichopita mlikubaliana hivi na hivi, je, imefikia wapi?

Kwenye halmashauri ya jiji swali hilo lina uzito zaidi kwa sababu linaulizwa hadharani, tena linajibiwa kwa maandishi. Tuchukue Jiji la Tanga, Tanzania, mji ambao kwa hesabu za majiji ni mdogo: kata 27, wakazi wasiofika laki nne kwa sensa ya 2022, na hadhi ya jiji tangu 2005. Baraza lake lina diwani mmoja wa kuchaguliwa kwa kila kata, madiwani wanawake wa viti maalum, na mbunge. Meya, anayeitwa Mstahiki Meya hata na wasiomkubali, huchaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi wa Jiji ndiye katibu wa kikao. Huyu huteuliwa na Rais, hapigi kura, ila kila karatasi iliyo mezani imepita mkononi mwake.

Nimetaja Tanga kwa makusudi. Pwani hii ya Mrima ilikuwa na madiwani kabla ya Mjerumani na Mwingereza. Diwani alikuwa mkubwa wa mji, mtu wa heshima na wa kusikilizwa shauri lake, na baraza ni kile kibao cha jiwe nje ya nyumba walikokaa watu kuamua mambo. Serikali za mitaa za leo zimerithi maneno yote mawili zikayavika kanuni za kudumu. Upande wa Kenya maneno yamebaki ingawa chombo kimeondoka: mabaraza ya miji ya zamani yalifika mwisho kaunti zilipoanza mwaka 2013, lakini magazeti bado huwaita wawakilishi wadi "madiwani".

Sasa tufuate jambo moja mpaka lifike kwenye yatokanayo. Tuseme ni choo cha soko. Kimejaa, mlango umeng'oka, na wauza samaki wanalipa ushuru kila siku halafu wanakwenda kuomba choo msikitini. Malalamiko yanasemwa kwenye mkutano wa mtaa, mtendaji wa mtaa anaandika. Yanapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo yanaingia kwenye taarifa ya kata.

Baraza la kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi kikao kinakatwa siku mbili. Siku ya kwanza ni ya taarifa za kata. Diwani mmoja baada ya mwingine anasimama, anasoma: shule, zahanati, ulinzi, mapato, changamoto. Choo chetu kinatajwa siku hiyo kwa sentensi mbili. Siku ya pili ni ya taarifa za kamati za kudumu, na hapa ndipo kuna jambo ambalo watu wengi wa nje hawalioni. Ukiona hoja inapita barazani kwa dakika tatu, wanaoafiki waseme ndiyo, ndiyooo, usidhani madiwani wamelala. Walishagombana kwenye kamati wiki mbili kabla.

Kamati za halmashauri ya mji ni tatu za msingi: Fedha na Utawala, Mipango Miji na Mazingira, na ile ya Huduma za Uchumi, Afya na Elimu. Ziko pia ya kudhibiti UKIMWI na ya maadili ya madiwani. Halmashauri za wilaya zina za kwao zenye majina tofauti kidogo. Ya fedha, inayoongozwa na meya mwenyewe, hukutana kila mwezi, na diwani yeyote atakuambia kwamba kuwa mjumbe wa kamati hiyo si sawa na kuwa mjumbe wa nyingine. Kule wataalamu hukaa uso kwa uso na madiwani bila waandishi wa habari. Mweka hazina anaulizwa makusanyo ya soko mwezi uliopita. Mhandisi anaulizwa choo ni shilingi ngapi. Afisa masoko anaulizwa maswali ambayo hakuyaandalia majibu. Baraza zima likija kukutana linapokea taarifa ya kamati, linajadili palipobaki kidonda, kisha linapitisha. Na azimio linaandikwa: Mkurugenzi ahakikishe choo cha soko kinakarabatiwa.

Miezi mitatu baadaye, sentensi hiyo inarudi ikiwa ndani ya jedwali. Upande mmoja kuna namba ya muhtasari na azimio lenyewe, upande wa pili kuna "utekelezaji". Safu hiyo ya pili ndiyo inayosomwa kwa miwani.

Majibu yake yana lugha yake, na mwananchi akiijua anasoma kabrasha kama diwani wa vipindi vitatu. "Limetekelezwa" halihitaji tafsiri. "Utekelezaji unaendelea" linaweza kumaanisha fundi yuko kazini, au barua imeandikwa, au mtu amekumbuka kuandika barua jana usiku. "Mchakato wa manunuzi unaendelea" lina ukweli zaidi siku hizi, maana zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na mfumo hauna haraka ya mtu. "Limetengewa fedha katika bajeti ijayo" maana yake subiri Julai, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Na kupangiwa fedha si kupata fedha. Mapato ya ndani yasipofikia makadirio, choo ndicho kinachokatwa kwanza, kwa kuwa hakuna kiongozi anayependa kukata utepe wa choo.

Jibu ninaloliona zito kuliko yote ni "suala limewasilishwa kwenye mamlaka husika". Diwani anabanwa na wapiga kura kuhusu barabara ya mtaa, lakini tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, na si chini ya baraza lake. Maji ya mjini yana mamlaka yake. Umeme ni TANESCO. Kwa hiyo baraza linaweza kuazimia, kusisitiza na kukasirika, na jedwali litaendelea kusema limewasilishwa. Mwananchi aliyekaa nyuma anaona diwani wake hana meno. Kweli hana, kwenye jambo hilo. Kwenye choo cha soko anayo, kwa hiyo hapo ndipo pa kumbana.

Kuna pia maazimio yanayokaa kwenye yatokanayo muda mrefu bila kosa la mtu. Baraza likitaka kubadili ushuru wa kizimba cha sokoni, kupiga kura peke yake hakutoshi. Ushuru huwekwa kwa sheria ndogo: wananchi watangaziwe watoe maoni, baraza liidhinishe, waziri mwenye dhamana aridhie, kisha itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kikao baada ya kikao jedwali linaandika hatua iliyofikiwa. Au chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 ili kupanga upya namna ya kuitoa, ikarejea 2024. Katikati hapo vikundi vilikuwa vinauliza, madiwani wanauliza, na mkurugenzi hana la kuandika isipokuwa kusubiri maelekezo.

Sasa, kabla ya kuifikia agenda hii kuna hatua moja ambayo watu huipuuza: kuthibitisha muhtasari. Katibu anapitia ukurasa kwa ukurasa, wajumbe wanasahihisha, meya anatia saini. Inachosha kweli. Lakini kilichokosekana kwenye muhtasari hakiwezi kutokana na chochote. Kama azimio liliandikwa "Mkurugenzi aangalie uwezekano wa kukarabati choo" badala ya "akarabati choo", basi miezi mitatu baadaye jibu litakuwa kwamba uwezekano umeangaliwa, na kikanuni kazi imekwisha. Diwani mjanja hapotezi nguvu kwenye hotuba. Anasubiri ukurasa huo, ananyanyua mkono, anaomba kitenzi kibadilishwe. Vilevile hupenda kuongeza tarehe, kwa sababu azimio lisilo na tarehe halichelewi kamwe.

Akidi nayo ni lazima: kikao cha kawaida kinahitaji angalau nusu ya wajumbe. Wasipotimia, hakuna cha kuthibitisha wala cha kutokana, kinaahirishwa.

Mikutano ya baraza ni ya wazi. Unaweza kuingia ukakaa nyuma ukasikiliza, ingawa huruhusiwi kuchangia hata kama jambo ni la mlangoni kwako. Kuna wakati lakini utasikia hoja kwamba baraza likae kama kamati. Hapo wageni na waandishi mnaombwa kutoka, kwa kawaida kwa sababu linajadiliwa suala la nidhamu ya watumishi. Mkirudishwa ndani mtatangaziwa uamuzi. Mjadala utabaki kule.

Aina moja ya yatokanayo ina kikao chake peke yake, nayo ni hoja za CAG. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akishakagua halmashauri, huacha orodha ya hoja: stakabadhi zisizoonekana, makusanyo yasiyopelekwa benki, malipo bila viambatisho. Baraza hukaa kikao maalum, mara nyingi na mkuu wa mkoa akiwepo, kupitia hoja moja moja na majibu ya menejimenti. Zipo hoja zenye umri mkubwa kuliko baadhi ya madiwani kazini. Hati safi ikipatikana hushangiliwa, na ni haki, ila hati safi inasema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi lolote kuhusu choo cha soko.

Kwa wanaodhani haya yote ni urasimu wa kujaza karatasi, nchi hii ilishajaribu kuishi bila mabaraza. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, kazi zake zikabebwa na ngazi za mkoa na wilaya zenye watendaji wa serikali kuu. Huduma za miji zikazorota kiasi kwamba ilipofika 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa kwanza, zikafuata sheria za 1982, za wilaya na za miji kila moja na yake, ambazo ndizo zinazotumika hadi sasa pamoja na marekebisho. Katika ile miaka takataka zilizolundikana hazikukosa mtu wa kuziona. Zilikosa mahali ambapo lingeulizwa kila baada ya miezi mitatu, mbele ya watu, nani alisema ataziondoa.

Turudi kwenye choo. Siku mlango mpya ukifungwa na shimo likanyonywa, jedwali litaandika "limetekelezwa", meya atauliza kama diwani wa kata ameridhika, diwani atasimama kushukuru. Kikao kinachofuata mstari huo hautakuwepo. Ndiyo maana anayesoma yatokanayo tu huweza kudhani jiji zima halifanyi kitu: yaliyokamilika hutoka kimyakimya, na yaliyokwama hubaki kwenye ukurasa. Bawaba ikikatika tena, wauza samaki wataanza upya kwa mtendaji wa mtaa, na choo kitarudi barazani na namba mpya ya muhtasari.