Paka wa nyumbani akizeeka: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

"Ana roho ya paka huyo, atainuka tu." Ukiwa Dodoma na paka mzee aliyeanza kukataa chakula, jirani akichungulia atakuambia hivyo, tena kwa nia njema kabisa. Maneno ya namna hii yanamgharimu paka, kwa sababu kila moja linatupa ruhusa ya kusubiri. Sisi tulikuwa na Chausiku, paka wa mabaka aliyezaliwa stoo kwetu Chang'ombe na kukua pamoja na watoto. Uzee wake ndio ulionifanya niyachambue maneno hayo moja baada ya jingine.

Tuanze na hiyo roho, maana husemwa paka anazo nyingi. Paka ana moja. Akitunzwa vizuri hufika miaka 15, wengine 18. Aliyevunja rekodi ni Creme Puff wa Texas, Marekani, aliyezaliwa 1967 na kufa 2005, miaka 38, na huyo ni wa peke yake. Wapo pia wanaosema mwaka mmoja wa paka ni saba ya binadamu. Hesabu inayokubalika kwa madaktari wa wanyama ni tofauti: miaka miwili ya kwanza ni kama 24 ya mtu, kisha kila mwaka unaongeza kama minne. Kwa hiyo paka wa miaka 15 ni bibi wa miaka 76.

"Angekuwa anaumwa, angelia"

Hili ndilo lililoenea kuliko yote, na ndilo linalowatesa paka wengi. Paka huwinda peke yake, naye huwindwa. Anayeonyesha udhaifu porini haishi, basi huficha maumivu hata akiwa kwenye mkeka sebuleni. Hata kule kukoroma kwake tunakokuchukulia kuwa ni raha, hukoroma pia akiwa na maumivu makali au anapokata roho.

Chausiku alikuwa akilala juu ya magunia ya uwele. Ikafika wakati akawa anasimama chini, anainua kichwa, anapima kwa macho, miguu ya nyuma inajikunja kidogo kana kwamba ataruka, halafu anageuka na kwenda kujilaza sakafuni. Wageni walisema ametulia kwa utu uzima. Hakuwa ametulia, ni nyonga zilikuwa zinamuuma. Baridi yabisi ya viungo huwapata paka wazee wengi mno, na dalili zake ndizo hizo: haruki, manyoya ya mgongoni yanashikana kwa sababu hawezi kujipinda ajilambe, kucha zinanenepa, anajisaidia kando ya mahali pake pa kawaida. Wenye nyumba wakimchapa kwa hilo la mwisho, wanamchapa mgonjwa.

Figo nazo huchoka. Paka mwenye figo mbovu hunywa maji mengi, hukojoa sana na kukonda. Kwetu kuna mtego wake: kiangazi cha Dodoma huwa kuanzia Mei hadi Novemba, vumbi jekundu na upepo mkavu, kila kiumbe kinatafuta maji, basi paka anayemaliza bakuli zima hashangazi mtu. Na yule anayekula kwa pupa huku anakonda, mtaani ataambiwa ana minyoo. Kwa paka mzee, mara nyingi ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi.

"Mpe nusu panadol"

Usimpe. Nusu, robo, hata iliyosagwa kwenye dagaa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu zishindwe kubeba oksijeni. Fizi zinageuka kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari vilevile. Maziwa hayaui, ila paka wengi wakubwa yanawaharisha, na mzee anayeharisha anaishiwa maji upesi.

Watu husema madaktari wa mifugo wa kwetu ni wa ng'ombe na mbuzi tu. Ni kweli ndiyo kazi yao kubwa katika mkoa wa wafugaji, na Mpwapwa imekuwa kituo cha mafunzo na utafiti wa mifugo tangu enzi za ukoloni. Lakini daktari wa mifugo amesomea paka pia, na zipo dawa za maumivu zinazomfaa. Muulize afisa mifugo wa kata yako akuelekeze.

"Sindano ni ukatili, bora sumu ya panya, au afe mwenyewe"

Nimelisikia hili kutoka kwa watu wazima wenye huruma, pale paka asiyeweza kupona anapotakiwa kupumzishwa. Sumu ya panya iliyozoeleka huzuia damu kuganda. Mnyama huvujia damu ndani kwa siku kadhaa. Hakuna huruma hapo. Sindano ya daktari ni dawa ya usingizi mzito iliyozidishwa kipimo. Fahamu hupotea ndani ya sekunde chache, moyo husimama baada ya muda mfupi. Macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja mbili za mwisho au kukojoa. Hapo hahisi chochote tena. Kaa naye, mshike, mwite jina lake. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumwepusha mnyama na mateso yasiyo ya lazima ndiyo roho yake.

Kuhusu paka kuondoka kwenda kufia mbali asilete mkosi: haagi, wala hana mkosi. Anapoishiwa nguvu hutafuta pa kujificha, penye ubaridi na kimya. Mtafute chini ya ghala, nyuma ya madebe, umrudishe ndani.

"Dada, unamlilia paka kama mtu?" Ndiyo. Waislamu wanaikumbuka hadithi ya sahaba Abu Qatada aliyeinamisha chombo cha udhu paka anywe, akasema Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Aliyekuzunguka miaka 15 lazima aache pengo. Watoto nao waambiwe amekufa. Ukiwaambia amelala wataogopa kulala. Ukisema amesafiri watamngoja mlangoni.

Kaburi lichimbwe kina cha karibu mita moja, ingawa udongo wetu wa kiangazi ni mgumu kama tofali, kisha weka mawe juu, mbali na kisima. Fisi na mbwa hufukua. Na kama alichomwa sindano, dawa hiyo hubaki mwilini na inaweza kumuua atakayemla.

Kama kuna paka mwingine nyumbani, atazunguka akilia na kunusa pale mwenzake alipokuwa akilala. Msimletee kitoto kipya siku hiyohiyo. Mlisheni saa zilezile, mahali palepale, na akikataa chakula kwa zaidi ya siku moja apelekwe kwa daktari, kwa sababu paka asipokula, mafuta hujaa kwenye ini lake haraka na yanaweza kumuua.